Max Planck: Aliambiwa fizikia imeisha, leo hesabu yake inawaka Ziwa Tanganyika

Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, usiku wa giza ndio muda wa kazi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika. Mwezi ukipotea, taa zinawashwa majini, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinapanda.

Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Miaka ya karibuni taa za LED zimeingia kwa kasi kwenye ziwa hili, pamoja na betri na paneli za sola za kuzichajia. Mafuta yanaokolewa, mwanga unakuwa mkali, na taa haipati moto wa kuunguza mkono.

Lakini kwa nini karabai iwe moto vile na LED ibaki na uvuguvugu tu? Jibu lake linaanzia kwa Mjerumani mmoja mpole, mpiga kinanda, aliyezaliwa mwaka 1858. Jina lake ni Max Planck. Ndiye aliyefungua mlango wa fizikia ya kwanta, na aliufungua bila kupenda.

Kijana aliyekatishwa tamaa

Max Karl Ernst Ludwig Planck alizaliwa Aprili 23, 1858 mjini Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa profesa wa sheria. Mwaka 1867 familia ilihamia Munich, na huko ndiko Max alikosoma na kukulia.

Kijana huyu alikuwa na kipaji cha muziki. Alipiga piano, kinanda cha kanisani na chelo, na angeweza kabisa kuufanya muziki kuwa kazi ya maisha. Badala yake akachagua fizikia.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 16, alimwendea profesa wa fizikia wa Munich, Philipp von Jolly, kuomba ushauri. Jibu lilikuwa baridi. Jolly alimweleza kwamba fizikia imekaribia kukamilika, yamebaki mashimo machache tu ya kuziba, kwa hiyo hakuna jipya la kutarajia huko.

Mwingine angegeuza njia. Planck hakugeuza. Yeye mwenyewe hakuwa anatafuta jipya: alitaka tu kuielewa vizuri misingi iliyopo. Alisoma Munich na Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka 1879 akiwa na miaka 21.

Mada aliyoipenda ilikuwa joto, hasa ile sheria inayosema joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, halirudi lenyewe. Ugali uliopakuliwa unapoa, haujipashi. Planck aliiamini sheria hiyo kama amri isiyo na ubaguzi. Mwanafizikia wa Austria, Ludwig Boltzmann, alikuwa akisema tofauti: kwamba sheria hiyo inatokana na bahati nasibu ya atomu nyingi mno zinazocheza ovyo. Planck hakukubaliana naye. Wakati huo hata kuwapo kwa atomu kulikuwa bado kunabishaniwa.

Shikilia hapo kwenye jina la Boltzmann, litarudi.

Swali la kitu kinachowaka

Mwaka 1889 Planck alihamia Chuo Kikuu cha Berlin kuziba nafasi ya mwalimu wake wa zamani, Gustav Kirchhoff, na mwaka 1892 akawa profesa kamili. Tayari alikuwa na mke, Marie Merck, waliyeoana mwaka 1887. Walipata watoto wanne: Karl, mapacha Emma na Grete, na Erwin.

Ni miaka hiyohiyo ambapo Berlin ilikuwa inatawala pia pwani hii ya ziwa. Kirando ilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kusini yake, mahali panapoitwa Kasanga leo, Wajerumani walijenga boma wakalipa jina la Bismarckburg.

Huko Berlin jambo lililokuwa moto ni taa. Umeme ulikuwa umeingia na kushindana na gesi. Ili kujua taa ipi ni bora unahitaji kipimo cha kuaminika cha mwanga. Taasisi ya taifa ya vipimo, iliyoanzishwa mwaka 1887 pembeni mwa Berlin, ikaanza kupima kwa makini sana mwanga unaotoka kwenye vitu vyenye moto.

Jambo lenyewe kila mtu aliyekaa jikoni analijua. Mkaa ukianza kushika unakuwa mwekundu wa giza. Ukipulizwa unaelekea rangi ya chungwa. Chuma cha mhunzi kikizidi moto kinakuwa cha njano, kisha karibu na cheupe. Rangi inafuata joto, si aina ya kitu.

Swali likawa: kwa joto fulani, ni kiasi gani cha kila rangi kinatoka? Kulikuwa na kanuni ya mwanafizikia Wilhelm Wien iliyoonekana kujibu vizuri, na Planck aliiunga mkono. Alidhani hata amepata njia ya kuithibitisha.

Jumapili ya Oktoba 1900

Jumapili ya Oktoba 7, 1900, mwanafizikia Heinrich Rubens na mkewe walimtembelea Planck nyumbani. Rubens alikuja na habari mbaya. Vipimo vipya vya mionzi ya joto, ile isiyoonekana kwa macho na iliyo upande wa chini wa rangi nyekundu, vilikuwa haviendani na kanuni ya Wien. Tofauti ilikuwa kubwa, haikuwa makosa ya vifaa.

Wageni walipoondoka Planck alikaa na hesabu. Jioni hiyohiyo akapata kanuni mpya, akamwandikia Rubens kwa kadi ya posta. Oktoba 19 akaitangaza mbele ya wanafizikia wa Berlin. Ilipolinganishwa na vipimo ikakaa sawasawa, kuanzia rangi za juu mpaka za chini.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameibuni. Kanuni inafanya kazi, lakini kwa nini? Hapo ndipo ulipoanza msimu wa kazi ngumu kuliko yote maishani mwake, kama miezi miwili hivi. Kila njia aliyoijua ilikwama. Mwishowe ilibidi achukue hesabu za bahati nasibu za yuleyule Boltzmann aliyekuwa akimpinga.

Na hata hizo hazikutosha. Ili hesabu itoe jibu lililo sawa na vipimo, ilibidi akubali jambo la ajabu: kitu chenye moto hakitoi wala hakipokei nishati kidogokidogo bila kikomo, kama maji yanayotiririka. Kinafanya hivyo kwa vifungu vyenye ukubwa maalumu.

Desemba 14, 1900 akayasoma hayo mbele ya wenzake. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa fizikia ya kwanta. Miaka mingi baadaye Planck alieleza kwamba alichukua hatua hiyo kwa kukata tamaa, kwa sababu alitaka maelezo yapatikane kwa gharama yoyote.

Kwanta ni fungu

Sasa kwanta ni nini? Fikiria dagaa sokoni. Muuzaji ameyapanga mafungu. Unanunua fungu moja, mawili au kumi. Nusu fungu hauziwi.

Mwanga nao uko hivyo, ila ukubwa wa fungu unategemea rangi. Fungu la mwanga mwekundu ni dogo. La bluu ni kubwa zaidi. La urujuanimno, yaani ile mionzi ya jua inayounguza ngozi, ni kubwa kuliko hilo.

Joto ni kama pesa iliyomo mfukoni mwa atomu. Mkaa wa jiko una pesa kidogo, kwa hiyo unamudu mafungu madogo: mionzi ya joto kwa wingi na nyekundu kiasi. Bluu hauimudu. Chuma chenye moto mkali kina pesa zaidi, kinaongeza njano na rangi za juu yake.

Bila mafungu mambo yangeharibika. Wanafizikia walionyesha baadaye kwamba kwa kanuni za zamani, kila kitu chenye joto kingepaswa kumwaga mionzi ya urujuanimno bila kikomo. Jiko la mama ntilie lingekuwa hatari kuliko jua. Haliko hivyo kwa sababu mafungu hayo ni ya bei kubwa mno kwake.

Ukubwa wa fungu unapatikana kwa kuzidisha namba moja tu na kasi ya mtetemo wa mwanga. Namba hiyo inaitwa kigezo cha Planck na huandikwa kwa herufi h. Ni ndogo sana: ukiiandika kwa vipimo vya kawaida vya sayansi unaanza na sifuri na nukta, kisha sifuri 33, ndipo inakuja 6626.

Kwa udogo huo ndiyo maana hatuyaoni mafungu. Mwanga wa wati 1 tu unabeba zaidi ya bilioni 2 mara bilioni ya mafungu kila sekunde. Macho yanaona mkondo mmoja.

Aliogopa alichokigundua

Planck hakushangilia. Kwa miaka mingi alijaribu kuirudisha namba yake ndani ya fizikia ya zamani, akashindwa.

Mwaka 1905 kijana wa ofisi ya hataza huko Uswisi, Albert Einstein, alikwenda mbali zaidi. Alisema si vitu vyenye moto tu vinavyohesabu kwa mafungu: mwanga wenyewe umeundwa kwa mafungu. Fungu moja likigonga chuma linaweza kung'oa elektroni. Likiwa dogo mno haling'oi kitu, hata yaje mengi kiasi gani.

Planck ndiye aliyekuwa wa mwanzo kati ya wakubwa kuiunga mkono kazi nyingine ya Einstein ya mwaka huohuo, ile ya nadharia maalumu ya uhusianifu. Lakini hili la mafungu ya mwanga aliliona limepitiliza. Mwaka 1913, yeye na wenzake walipompendekeza Einstein aingie Chuo cha Sayansi cha Prussia, walimwombea radhi kabisa kwenye barua kwamba pale kwenye mafungu ya mwanga huenda alikosea shabaha.

Hakukosea. Na wazo hilo ndilo linaloendesha paneli ya sola juu ya bati. Fungu la mwanga wa jua linaingia kwenye silikoni, linaiachia elektroni, umeme unatembea. Mafungu madogo mno ya mionzi ya joto yanapita bure, hayachangii kitu.

LED ni safari ileile kwa kurudi nyuma. Umeme unaingia, elektroni inashuka ngazi ndani ya kipande kidogo cha kioo maalumu, na katika kushuka inaachia fungu moja la mwanga. Urefu wa ngazi ndio unaoamua rangi. Haihitaji kuwa na moto kwanza ili iwake, tofauti na karabai ambayo lazima ichemke ndipo ing'ae, na sehemu kubwa ya mafuta yake inaishia kuwa joto.

Ngazi ya kutoa bluu ilikuwa ngumu kuitengeneza. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, waliiweza, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bluu hiyo ikipitishwa kwenye rangi ya njano inatoa mwanga mweupe, huu wa tochi ya simu yako. Transista zilizomo ndani ya simu hiyo nazo zinafanya kazi kwa kanuni hizohizo za elektroni.

Vita na makaburi

Ukiangalia sayansi peke yake, maisha ya Planck yanaonekana ya ushindi. Nyumbani hayakuwa hivyo.

Mkewe Marie alifariki Oktoba 1909. Mwaka 1911 Planck alimwoa Marga von Hoesslin, wakapata mtoto wa kiume, Hermann.

Mwaka 1914 vita ikalipuka. Planck, kama wasomi wengi wa Ujerumani, alitia saini tamko la wasomi 93 lililotetea jeshi la nchi yao na kukana maovu yaliyofanyika Ubelgiji. Baadaye alijitenga hadharani na sehemu ya tamko hilo. Mwanawe Erwin alitekwa na Wafaransa mwaka huohuo. Karl, mtoto wake wa kwanza, alikufa Verdun mwaka 1916.

Vita hiyohiyo ilifika hadi Ziwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma meli yao Graf von Götzen ili adui asiipate. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mtu wa mwambao analijua: Liemba.

Kwa Planck misiba iliendelea. Mwaka 1917 Grete alifariki baada ya kujifungua. Pacha wake Emma alikwenda kumlea mtoto aliyeachwa, na Januari 1919 akaolewa na mjane wa dada yake. Kabla mwaka haujaisha, Emma naye akafariki baada ya kujifungua. Katika mwaka huohuo wa 1919 Planck alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Ndani ya miaka kumi alikuwa amezika mke na watoto watatu.

Mbele ya Hitler

Mwaka 1930 Planck alichaguliwa rais wa Jumuiya ya Kaiser Wilhelm, chombo kikubwa kuliko vyote cha utafiti Ujerumani. Miaka mitatu baadaye Wanazi wakashika dola na kuanza kuwafukuza kazi wanasayansi wenye asili ya Kiyahudi.

Einstein alikuwa Marekani na hakurudi. Planck alisema mbele ya Chuo cha Sayansi kwamba mwenendo wa kisiasa wa Einstein ndio uliofanya asiweze kubaki, lakini papo hapo akataka iandikwe kwamba kazi yake kisayansi ni ya daraja la Kepler na Newton. Alitaka kushika pande zote mbili.

Mei 1933 alikutana na Hitler. Kwa maelezo yake ya baadaye, alijaribu kumtetea mkemia Fritz Haber na kueleza kwamba kuwafukuza watu hao ni kuiua sayansi ya Ujerumani. Hitler alipandwa na hasira na mazungumzo yakaishia hapo.

Planck alibaki nchini na kwenye kiti chake. Aliwashauri wenzake wavumilie, wasiondoke, akiamini dhoruba itapita na kwamba kukaa kimya kutaokoa kitu. Haikupita. Watu wengi bora waliondoka, wengine waliuawa. Hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu uamuzi wake huo.

Kuna mahali alikaza. Haber alifia ugenini mwaka 1934. Januari 1935 Planck aliandaa kumbukumbu yake mjini Berlin, ingawa serikali iliwazuia watumishi wa vyuo vikuu kuhudhuria. Akasimama akaiongoza.

Hapa ndipo ugumu wa kumpima mtu huyu. Mwaka 1900 vipimo vya Rubens vilimpinga, na ndani ya wiki chache akaziacha imani zake za miaka 20. Kwenye siasa ushahidi ulikuwa mkubwa zaidi, na yeye akaendelea kutumaini mambo yatatulia.

Mtoto wa mwisho

Februari 1944 mabomu yaliteketeza nyumba yake Berlin. Maktaba, barua na madaftari ya maisha yote yakaungua.

Julai mwaka huo jaribio la kumuua Hitler likashindwa. Erwin, mtoto pekee aliyebaki kutoka kwa Marie na rafiki wa karibu wa baba yake, alikamatwa kwa kuhusishwa na waliolipanga. Mahakama ikamhukumu kifo. Planck, akiwa na miaka 86, alimwandikia Hitler kuomba msamaha kwa ajili ya mwanawe. Januari 23, 1945 Erwin akanyongwa katika gereza la Plötzensee.

Vita ilipofika alipokuwa amejihifadhi mashambani, mzee huyo na Marga walikimbilia msituni na kulala kwenye marundo ya majani makavu, huku uti wa mgongo ukimtesa. Wanajeshi wa Marekani ndio waliomchukua na kumpeleka Göttingen.

Hata hapo aliitwa kazini. Jumuiya ya Kaiser Wilhelm haikuwa na kiongozi, akakubali kuishika kwa muda. Warithi wake waliipa jina lake, na Jumuiya ya Max Planck ikaundwa rasmi Göttingen mwaka 1948. Mwenyewe hakuiona. Alifariki Oktoba 4, 1947 akiwa na miaka 89.

Kaburi lake liko Göttingen. Jiwe lina jina lake, na chini kabisa imechongwa namba: thamani ya h.

Namba iliyokwenda sokoni

Kwa zaidi ya miaka 100 kilo ilikuwa ni kipande cha chuma cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris. Mizani yote duniani ililinganishwa nacho, moja kwa moja au kupitia nakala. Shida ni kwamba kipande hicho na nakala zake vilianza kutofautiana kidogo sana, na hakuna aliyeweza kusema kipi kimebadilika.

Mei 20, 2019 dunia ilikiacha. Tangu siku hiyo kilo inafafanuliwa kwa kutumia kigezo cha Planck, kwa sababu chuma kinachakaa lakini h haibadiliki, iwe Berlin au Sumbawanga.

Kwa hiyo mfanyabiashara anapopima dagaa wakavu Kirando kabla gunia halijapandishwa mlima kwenda Namanyere, uzito anaousoma kwenye mizani umesimama juu ya namba aliyoipata Planck mwaka 1900, alipokubali kwamba vipimo vya Rubens viko sahihi na yeye ndiye aliyekosea.